Iliyofungwa na Iliyo Huru

Novemba 6

Daktari wa Idaho Falls ameniagiza niandike kila siku, hata siku isiyo na kitu, kisha nimpelekee asome. Anasema kichwa changu ni yai lililokwisha kupata ufa, na maandishi ndiyo yatakayoonyesha kama linavuja. Haya, Daktari, naandika. Mimi ni Tawnya Hillstead, mkata nyama katika bucha ya wawindaji hapa Afton, Wyoming. Machi iliyopita, kwenye mbio za kupanda Kilima cha Harrow, pikipiki yangu ya theluji ilisimama wima kama farasi aliyeona nyoka, ikanitupa chali, kisha ikanifuata chini na kunigonga kichwani. Sikumbuki. Nimehadithiwa.

Leo theluji ya kwanza. Buchani kulungu wamening'inia mpaka mlangoni. Mikono inanuka damu hata baada ya sabuni.

Novemba 9

Royce ameifungia mashine yangu tabo, kifaa kinachoisindilia injini hewa iwe na nguvu zaidi. Royce ni mume wangu, fundi wa mashine za theluji. Gereji yake iko nyuma ya nyumba. Alikuwa anafuta mikono, ametulia kama kawaida yake, Baba alipoingia akichechemea na kuona lile konokono la chuma likining'inia kwenye injini.

"Umeichukua mashine iliyompasua kichwa," Baba akasema, "ukaiongezea nguvu?"

"Mzee, mashine haikuwa na kosa. Tawnya alibana mafuta mapema mno."

"Nani kasema?"

"Kila mtu aliona."

Baba akalipiga teke debe la oili, likaviringika hadi chini ya meza likimwaga. "Basi funga nyuma! Ukitia tabo bila kufunga nyuma, unamchimbia kaburi!"

Nikueleze, Daktari, maana ugomvi wote wa nyumba hii uko hapo. Nyuma ya mashine hizi, ndani ya ule mkanda wa raba unaozunguka, mna mikono miwili ya chuma, wa mbele na wa nyuma, kila mmoja na shokapu yake. Katika aina iliyo huru, kila mkono unafanya yake. Ukibana mafuta, wa nyuma unachuchumaa, pua inainuka, na mashine inaelea juu ya theluji laini kama bata. Katika aina iliyofungwa, mikono imeunganishwa. Wa nyuma ukichuchumaa kupita kiasi unamvuta mwenzake, na pua inabaki chini. Royce anapenda iliyo huru. Baba anataka iliyofungwa. Mpanda mashine ni mimi, na hakuna aliyeniuliza.

Novemba 10

Maumivu ya kichwa, upande wa kushoto. Sijamwambia mtu.

Novemba 14

Nimesahau neno "ndoo" kwa muda wa kumaliza kukata paja zima. Kisha likarudi.

Novemba 27

Siku ya Shukrani. Nilipika bata mzinga, na viazi vya jibini ambavyo huku hupikwa penye sherehe na penye msiba vilevile. Royce akasema kwa upole kwamba wazee wa mashindano ya zamani hawawezi kuielewa tabo. Baba, aliyekuwa anakata nyama, akakichomeka kisu mezani kikasimama chenyewe. Tulikula tukikizunguka kile kisu.

Daktari, utaniuliza kuhusu baba yangu. Orval Hillstead alikuwa mshindani wa vilima mpaka mashine ilipomvunja nyonga wakamwekea chuma. Nilipokuwa msichana alinipiga kwa mkanda wa injini uliokatika. Mpaka leo nikinusa raba iliyoungua, mgongo unajikaza wenyewe. Nilimpenda Royce kwa sababu moja: hakuwahi kupaza sauti.

Desemba 2

Theluji. Buchani.

Desemba 3

Theluji. Buchani. Mkono umeteleza, nimejikata kidole gumba. Kile kile cha kubania mafuta kwenye mashine.

Desemba 12

Leo nimeipanda kwa mara ya kwanza tangu ajali, na tabo, na ile iliyo huru. Najua ulinikataza. Tulikwenda Korongo la Sorrel, mimi na Royce. Kwenye tambarare ilikuwa tamu kiasi cha kunitia machozi. Kisha nikaielekeza mlimani. Tabo haikupi nguvu mara moja. Inanyamaza, unadhani imekusahau, halafu inapiga mluzi na kukujia yote kwa pamoja. Pua ikapanda mpaka nikawa naona mbingu tupu. Niliachia mafuta, ikaanguka mbele, kidevu changu kikagonga usukani.

"Unaogopa," Royce akasema.

"Ilikuwa inageuka, Royce."

"Haikuwa inageuka. Wewe ndiye uliyegeuka, tangu Machi." Akanifuta damu kidevuni kwa kidole, taratibu, kama unavyomfuta mtoto uji.

Desemba 20

Baba ameleta mfumo uliofungwa, wa zamani, ameurusha sakafuni gereji Royce akiwa dukani. Tukaufunga sisi wawili. Alinitukana kwa kila nati: "Si hapo, bata we! Macho yako unakatia nyama tu?" Kisha tukaenda Sorrel.

Pua ilibaki chini, ni kweli. Lakini kila tuta lilinipiga teke la nyumbu chini ya mgongo, nikang'ata ulimi mpaka nikatema nyekundu juu ya nyeupe. Na kwenye theluji laini haikuelea hata kidogo. Ilichimba. Mkanda ulijizika, nikakaa ndani ya shimo langu mwenyewe mpaka mabegani. Baba alinichimbua kwa koleo huku akicheka.

"Afadhali hilo shimo," akasema. "Hilo unatoka mwenyewe."

Kwa hiyo, Daktari, wote wawili wanasema kweli. Moja inatupa, nyingine inazika.

Desemba 25

Krismasi. Royce amenipa helmeti mpya. Baba hakuja.

Januari 4

Nimekuta Royce ameurudisha mfumo ulio huru, na ule wa Baba ameutupa nje kwenye theluji. Hakuniambia. Nilipomuuliza akasema, "Nilijua utakubali." Baba alifika mchana, akauona ule wa nje umeshapata kutu. Akachukua spana kubwa akalivunja dirisha la gari la Royce, la mbele, kisha la pembeni. Royce akasimama mlangoni, mikono mfukoni, akitabasamu.

"Umeona?" akaniambia. "Huyo ndiye unayemsikiliza."

Niliona. Nilimshika Baba mkono, akanisukuma, nikaanguka juu ya vioo. Viganja vyote vimechanika. Leo namchukia.

Januari 9

Baridi kali. Mabomba yameganda.

Januari 17

Lazima niandike kabla hayajanitoka kichwani.

Tulipanda Sorrel watatu, kwa sababu Baba alitokea na mashine yake kuukuu bila kualikwa. Theluji ilikuwa imeanguka tangu Jumatatu, laini mpaka kiunoni, na Royce alisema katika theluji ya namna hii iliyofungwa ingejizika tu. Alisema kweli. Nilikaa kwenye mashine chini ya ule mteremko mrefu, injini inanguruma, na kidole gumba kikakataa. Nilikitazama kama kidole cha mtu mwingine.

"Nenda," Royce akasema. "Jua likiilainisha tumekwisha."

Ndipo Baba alipokuja akijikokota ndani ya theluji. Akainyofoa kamba ya kuzimia, injini ikanyamaza.

"Shuka."

"Baba, niache."

"Nimesema shuka, mbwa wee, kabla sijakushusha kwa meno."

"Mzee," Royce akasema, "wewe una chuma nyongani."

"Vizuri. Chuma hakivunjiki mara mbili."

Akanishika koti akanivuta kama gunia. Nilianguka theluji ikanijaa mdomoni, na nilipoinuka yeye alikwishaondoka na mashine yangu.

Kwa muda mfupi ilipendeza, Daktari. Baba akipanda mashine ni mtu mwingine. Hachechemei. Alielea, theluji ikaruka nyuma yake kama mkia mweupe. Halafu akafika pale mteremko unapokuwa ukuta, pale upepo umeigandisha theluji. Mkanda ukashika kitu kigumu. Nikasikia mluzi wa tabo. Pua ikaanza kupanda. Alijua la kufanya, alisimama akautupa mwili wote juu ya usukani. Akaachia mafuta kwa wakati. Niliona mkono wake ukiachia, niliuona wazi. Mashine haikujali. Ilikwisha kuchuchumaa, ikaendelea kupanda, ikapita juu ya kichwa chake ikamwangukia. Wakaviringika pamoja, chuma na mtu, mtu na chuma, huku mkanda ukimchana mgongo, mpaka wakasimama karibu na mimi.

Mimi nakata nyama. Najua mlio wa paja likivunjwa kwa shoka. Niliusikia.

Alikuwa amezikwa mpaka kifuani, mashine juu ya nyonga yake. Theluji ilikuwa nyekundu pande zote mbili. Nilichimba kwa mikono. Akafumbua jicho moja.

"Umeona?" akasema, na damu ikatoka na neno. "Umeona inavyofanya?"

"Nimeona, Baba. Nyamaza."

"Niliachia."

"Niliona uliachia."

Nikapiga kelele Royce aje tuinue. Royce alikuja. Kabla ya kushika alichuchumaa, akaiangalia shokapu ya nyuma, akaigusa kwa kidole.

"Alichelewa kuachia," akasema.

Helikopta ilichukua muda mrefu kufika. Baba alitukana muda wote, na mimi niliomba asiache kutukana.

Januari 18

Hospitali. Nyonga vipande, mbavu, mkono wa kulia, pafu moja. Yu hai.

Januari 19

Ameamka. Amemtupia muuguzi kikombe. Nilimuuliza kwa nini alipanda. Akasema, "Ilikuwa zamu ya mwenye kichwa kizima." Akageukia ukuta.

Januari 21

Nilirudi nyumbani kuchukua nguo. Royce alikuwa gereji, anainyoosha mashine, na nyuma amekwisha kufunga shokapu mpya za mfumo ule ule ulio huru.

"Toa," nikasema.

"Tawnya, umechoka."

"Aliachia mafuta. Niliona kwa macho yangu. Toa hicho kitu."

"Mzee ana miaka mingapi? Usinilaumu kwa mzee." Hakuinua sauti. "Iliyo huru haina ubaya. Hata Machi niliulegeza mshipi matundu mawili tu, na..."

Akaokota spana.

Mshipi, Daktari, ni ule unaoshikilia mkono wa mbele usishuke. Ukiufupisha, skii, zile nyayo ndefu za mbele, zinakanyaga chini. Ukiulegeza, pua inakuwa nyepesi. Kila mpanda mashine anaujua mshipi wake kama anavyojua kamba za viatu vyake. Asubuhi ya mbio sikuugusa.

"Uliulegeza lini?"

"Ulihitaji kuelea. Ungeshinda."

"Lini, Royce?"

"Ulipokuwa unakunywa kahawa."

Tangu Machi watu wa bonde hili wananiambia nilibana mafuta mapema. Tangu Machi naamini. Nilikuwa na shokapu kuukuu mkononi, nzito kama mguu wa kulungu. Nikampiga nayo begani. Akaiacha spana ianguke, akaja, akanishika nywele, na bila neno lolote, bila hasira hata kidogo usoni, akakigonga kichwa changu kwenye mlango wa chuma. Upande wa kushoto. Alijua ni upande gani.

Nilipiga goti lake kwa ile shokapu. Nikapiga tena. Alianguka ndipo alipopiga kelele, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimesikia sauti yake halisi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Mimi nilikuwa nimelala kitanda kimoja nacho.

Nilimwambia kama bado yupo nitakapotoka jikoni na kisu cha buchani, tutaona. Akaenda akichechemea. Nilisikia gari lake lisilo na vioo likiondoka.

Januari 22

Naona vitu viwiliviwili. Jirani amenileta kwako. Unajua yaliyobaki. Ulisema, "Mara ya tatu hutaandika tena." Nimesikia.

Januari 29

Polisi wameandika maelezo. Royce yuko kwa binamu yake, huko Thayne.

Februari 3

Kichwa kimetulia. Maneno yote yapo. Ndoo, ndoo, ndoo.

Februari 8

Nimebadilisha kufuli za gereji na kuutoa ule mfumo ulio huru mwenyewe. Nikaukagua ule wa Baba uliotupwa nje, nikaupiga brashi ya waya. Nilikaa muda mrefu nikiutazama. Iliyofungwa inapiga kwa sababu inafunga mapema mno. Inazika kwa sababu pua haipati kupumua kamwe. Lakini nani kasema ni lazima ifunge mapema? Kile kiungo kinachounganisha mikono kinaweza kukatwa na kuchomewa upya, kiwe na nafasi. Mkono wa nyuma uchuchumae kidogo kwa uhuru, pua ielee, kisha ndipo kiungo kikaze na kusema basi, hapa hupiti.

Nilimpigia Baba hospitalini.

"Ukikata kiungo hicho kitavunjika," akasema.

"Nitakichomea chuma kinene."

"Na springi ya mbele?"

"Laini. Ya nyuma ngumu."

Nikasikia mashine zake za hospitali zikilia. "Na mshipi?"

"Mfupi. Naufunga mwenyewe, na hakuna atakayeugusa."

"Mjinga mkubwa," akasema, kisha, "Chomea pande zote mbili, usichomee upande mmoja kama fundi wa toroli."

Februari 15

Kiungo kimevunjika kwenye tuta la kwanza. Nilirushwa kwenye msonobari. Bega. Kichwa hakikugusa.

Februari 16

Nilikuwa nimechomea upande mmoja.

Februari 26

Sorrel. Pande zote mbili. Nilikwenda na wanawake wawili wa buchani wenye koleo na redio. Nilisimama chini ya mteremko uleule. Theluji mpya imefunika kila kitu. Nikabana mafuta. Mluzi, pua ikapanda, nikaona mbingu. Halafu nikasikia kiungo kikikaza chini yangu, mgongano mmoja mzito kama mlango wa ghala, na pua ikarudi chini yenyewe. Ilinipiga kiunoni. Inipige tu. Nilifika juu, nikatapika ndani ya helmeti mpya.

Machi 8

Daktari, kuhusu mbio za Harrow umesema hapana. Umeandika hapana kwa kalamu nyekundu. Nimeisoma.

Siwezi kukueleza vizuri. Nikiacha sasa, lile la Machi litabaki vile walivyolisema: Tawnya alibana mafuta mapema.

Machi 21

Kilima cha Harrow.

Kabla yangu alipanda msichana wa mji wa Alpine, Brandee Skousen, na mashine iliyoandaliwa na Royce. Nilimwona Royce pale chini, fimbo mkononi kwa ajili ya goti, anamnong'oneza kitu akicheka. Brandee alipanda vizuri hadi ukutani. Kisha pua, kisha mbingu. Mashine ilimpita, ikashuka ikiruka na kurusha vipande, watu wakakimbia. Yeye akashuka nyuma yake kama nguo tupu. Mkono wake ulikuwa umegeuka upande usio wake.

Royce alikwenda kwenye mashine kwanza.

Niliacha yangu ikinguruma nikakimbilia machela. "Brandee. Asubuhi aliigusa mashine yako?"

Alikuwa mweupe kama theluji. "Ali... alisema anakaza tu."

"Ulimwona?"

"Nilikuwa nakunywa chai."

Nikamgeukia mwamuzi aliyekuwa pale. "Pimeni mshipi wake sasa hivi, mbele ya watu. Kisha muulizeni Brandee alikuwa ameufungaje jana." Royce akaanza kusema kwa ile sauti yake ya upole kwamba mke wake ana tatizo la kichwa, wote wanajua. Baba wa Brandee, mtu mkubwa, alimsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Kisha akampiga ngumi moja tu. Meno yalianguka juu ya theluji. Sikugeuza macho, na sitasema uongo hapa kwamba nilisikitika.

Waliniita jina. Nilipanda.

Matuta ya katikati yalinipiga mpaka nikapoteza pumzi; mkojo wangu jioni ulikuwa na damu. Ukutani pua ikapanda. Watu chini wakapiga ukelele, ule ukelele wa watu wanaojua kinachofuata. Sikuachia. Kiungo kikakaza, skii zikashuka zikauma barafu, nikapita ukingo wa juu hewani na kutua nimekaa.

Wawili walipanda kwa muda mfupi kuliko mimi. Sijali. Kule juu hakukuwa na mtu ila kijana wa bendera, akaniuliza kwa nini nalia, nikamwambia ni upepo.

Machi 23

Watu wa mashindano wamempiga Royce marufuku. Polisi wana maelezo ya Brandee sasa, pamoja na yangu. Mkono wake umepona? Bado. Nimempelekea nyama.

Aprili 2

Theluji inachafuka. Matope.

Aprili 11

Baba ametolewa hospitali. Yuko kwangu, kwa kuwa hana pengine pa kukaa. Kitembeleo, vidonge, matusi.

Aprili 19

Leo nilimkatia nyama kwenye sahani, maana mkono wake wa kulia bado haushiki kisu. Alitazama vile vipande vidogo, akaichukua sahani akairusha. Ilipita karibu na sikio langu ikapasukia ukutani, mchuzi ukatiririka.

Sikufikiri. Nikachukua sahani yangu nikaitupa. Ilipasukia ukutani juu ya kichwa chake, vipande vikamwangukia mabegani.

Tulitazamana.

"Umekosa shabaha," akasema.

"Sikukusudia kukupiga."

Akafuta mchuzi shavuni. "Na mimi sikukusudia."

"Leo," nikasema. "Leo hukukusudia. Nilipokuwa mtoto ulikusudia. Kila mara."

Nilidhani atasimama na kitembeleo chake. Nilidhani atatukana. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, kama nilivyozoea kusimama zamani, na niliona kwamba ameona pale niliposimama. Akatazama chini, kwenye vipande vya sahani mapajani mwake, akaviokota kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto na kuviweka mezani.

"Ndiyo," akasema. "Nilikusudia."

Hakuniomba chochote, nami sikumpa. Nilichukua ufagio nikafagia upande wangu, kisha upande wake. Nyama nyingine ilikuwa bado jikoni, moto. Nikaitoa kwenye sufuria, nikaiweka katikati ya meza nzima bila kuikata, na tukaila kwa mikono.